Alama Zilizo Juu ya Jeni: Je, Maradhi ya Moyo Yaweza Kujulikana Kabla Hayajafika?



Mhariri wa gazeti letu alitutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike habari za sayansi zenye kuhusu nyumbani kwetu. Wengine wameandika juu ya sangara, wengine juu ya pamba. Mimi nimechagua maradhi ya moyo, tena nimechagua jambo gumu kidogo katika maradhi hayo, yaani alama ndogo mno zilizo juu ya jeni zetu, ambazo mabingwa wa siku hizi wasema zaweza kumwonya mtu kabla moyo wake haujaanza kuumwa. Nawaomba mnivumilie pale nitakapokwenda polepole. Sababu ya kulichagua jambo hili nitaieleza kwanza.

Mwezi wa Januari 2025, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, baba yangu mdogo alifariki dunia nyumbani kwetu Kisorya. Alikuwa mchukuzi wa mizigo pale kivukoni, mahali watu wapandapo kwenda Rugezi upande wa Ukerewe. Hakuwa ametimiza miaka 50. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa akilalamika kwamba gunia alilozoea kulibeba huku akiimba sasa lilimfanya aketi njiani. Kisha miguu ikavimba. Usiku hakuweza kulala chali, akawa analala ameketi, mgongo wake ukutani. Watu wengine walisema ni pumu, na wengine walisema maneno ambayo sitaki kuyaandika hapa. Alipofikishwa hospitali hali ilikuwa mbaya tayari. Daktari alieleza kwamba moyo ulikuwa umetanuka na kuchoka kwa sababu ya shinikizo la damu la miaka mingi. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumpima presha, hata mara moja.

Kwenye matanga wazee walikaa chini ya mwembe wakakubaliana kwamba huo ni ugonjwa wa ukoo, kwa kuwa babu naye aliondoka akiwa amevimba miguu. Niliposikia hayo niliingiwa na hofu, maana mimi ni wa ukoo ule ule, na baba yangu ni kaka wa marehemu kwa mama mmoja na baba mmoja. Lakini bibi alisema neno la namna nyingine. Alisema, “Huyu mwanangu alianza kuumwa akiwa tumboni mwangu.” Alichukua mimba yake mwaka 1974, wakati watu wa Mara walipohamishwa kwenda katika vijiji vya ujamaa, na mvua zilikuwa haba. Walikula unga wa njano wa msaada, na siku nyingine hawakula kitu. Mtoto akazaliwa, kwa maneno ya bibi, mdogo kama furu.

Basi nikarudi shuleni na swali lililonikaa moyoni. Je, ni ukoo, au ni njaa ile, au ni kitu kingine? Na je, lilikuwako jambo ambalo lingeweza kutuambia mapema? Mwalimu wetu wa Baolojia alicheka kidogo, akasema kwamba swali hilo ndilo linalowakesha mabingwa wengi, na elimu yake huitwa epijenetiki. Akanitolea makaratasi, na mengine tuliyasoma pamoja jioni wakati wa maandalio. Haya ndiyo niliyoyapata.

Karibu kila chembe ya mwili ina uzi mwembamba uitwao DNA, ambao magazeti yetu huuita vinasaba. Uzi wa chembe moja ukinyoshwa wote wapata urefu wa mita 2 hivi, nao umekunjwa ndani ya kitu kisichoonekana kwa macho matupu. Umeandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T. Nusu tuliyoipata kwa baba ina herufi bilioni 3 hivi, na nusu ya mama kadhalika. Sehemu za uzi zenye maagizo ya kutengeneza protini huitwa jeni, nazo ni kama 20,000.

Sasa ajabu ni hii. Chembe ya moyo na chembe ya ini zina uzi wenye maandishi yale yale, lakini moja hudunda mara 100,000 hivi kwa siku, na nyingine haidundi kamwe. Yawezekanaje? Mfano wake ni kitabu kimoja cha maktaba chenye nakala nyingi, na katika kila nakala kurasa fulani zimebanwa kwa pini. Maneno hayakufutwa wala hayakubadilishwa, ila msomaji hawezi kuyasoma mpaka pini iondolewe. Katika moyo zimebanwa kurasa za ini, na katika ini zimebanwa kurasa za moyo. Epijenetiki ni elimu ya pini hizo.

Pini inayojulikana kuliko zote ni methili, atomu moja ya kaboni pamoja na tatu za haidrojeni, zile zile tulizozichora katika somo la Kemia. Hushikamana na herufi C, hasa pale C inapofuatwa na G, na mahali pa namna hiyo katika vinasaba vya binadamu ni kama milioni 28. Kwa kawaida methili zikijazana mwanzoni mwa jeni, jeni hiyo hunyamaza. Ziko na pini nyingine zilizo juu ya protini ambazo uzi umezungushiwa, lakini hizo nitaziacha, maana hata mwalimu alisema zahitaji makala nyingine.

Ambao nyumbani kwenu mwafuga nyuki mtalielewa jambo hili kwa urahisi. Malkia na kibarua hutoka katika mayai ya namna moja, wala jeni zao hazitofautiani. Buu likilishwa maziwa ya nyuki siku zote huwa malkia, mkubwa na mwenye kutaga. Likibadilishiwa chakula baada ya siku chache huwa kibarua. Mwaka 2008 wataalamu wa Canberra, Australia, walikizuia katika mabuu machanga kimeng'enya kinachobandika methili, na wengi wa mabuu hayo wakatoka na maumbile ya malkia. Kumbe chakula kilifanya kazi yake kwa njia ya pini.

Na kwa binadamu? Mwaka 2005 wataalamu wa Madrid, Hispania, walitoa habari za jozi 40 za mapacha wa kufanana, wadogo wakiwa wa miaka 3 na wazee wa miaka 74. Mapacha wadogo alama zao zilikuwa karibu sawa. Mapacha wazee walikuwa wametofautiana, na zaidi wale walioishi mbalimbali. Twaona basi kwamba alama hizi si kama herufi za urithi ambazo mtu huzaliwa nazo na kufa nazo. Maisha huandika juu yake.

Hapo nikakumbuka neno la bibi juu ya mimba yake ya mwaka 1974. Je, njaa ya mama yaweza kuandika juu ya mtoto aliye tumboni?

Mtu wa kwanza kulishika swali la namna hii kwa upande wa moyo alikuwa daktari Mwingereza aitwaye David Barker. Katika wilaya ya Hertfordshire wakunga walikuwa na desturi ya kumpima kila mtoto uzito alipozaliwa, na tena alipofika mwaka mmoja, wakaandika katika madaftari. Madaftari hayo yalihifadhiwa. Barker na wenzake wakawatafuta wanaume 5,654 waliozaliwa huko kati ya 1911 na 1930, wakaangalia nani amekufa na kwa maradhi gani. Mwaka 1989 wakatangaza kwamba wale waliokuwa wepesi kabisa walipofika mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiri juu ya kadi za kliniki ambazo mama zetu huzifungia masandukuni pamoja na khanga. Wakunga wale hawakujua kwamba wanaandika habari za moyo.

Ushahidi wa alama zenyewe ulitoka Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 jeshi la Wajerumani lilizuia chakula kisifike miji ya magharibi, na posho ya mtu ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Mwaka 2008 Bastiaan Heijmans na wenzake walipima damu za watu ambao mimba zao zilitungwa katika njaa ile, wakawalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakupatwa na njaa. Miaka 60 ilikuwa imepita. Hata hivyo jeni iitwayo IGF2, yenye kazi katika ukuaji, ilikuwa na methili chache zaidi kwa wale wa njaa. Tena uchunguzi mwingine wa Amsterdam, uliotangazwa mwaka 2000, uliona maradhi ya mishipa ya moyo kuwa mengi zaidi kwa watu ambao mama zao walipatwa na njaa mwanzoni mwa mimba.

Barani Afrika habari kama hiyo yatoka Gambia. Huko, katika kijiji cha Keneba na jirani zake, majira ya mvua ndiyo majira ya njaa, maana chakula cha ghalani kimekwisha na kipya hakijakomaa; nadhani sisi wa Mara twaijua miezi ya namna hiyo. Watoto ambao mimba zao zilitungwa wakati wa mvua na wale wa kiangazi walionekana kuwa na methili zisizo sawa katika sehemu fulani za vinasaba. Jambo hili halishangazi sana ukijua kwamba mwili hupata methili zake kutoka katika vyakula kama maharage na mboga za majani.

Karibu nasi zaidi kuna habari ya Goma, katika Kongo ya mashariki, ambako Kiswahili ndicho kisemwacho sokoni. Mwaka 2012 Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walitangaza uchunguzi wa akina mama 25 waliojifungua katika hospitali ya HEAL Africa. Akina mama wale walikuwa wamepita katika taabu za vita kwa viwango mbalimbali. Ilionekana kwamba kadiri mama alivyopata taabu zaidi, ndivyo mtoto wake alivyozaliwa mwepesi zaidi, na ndivyo methili zilivyokuwa nyingi zaidi juu ya jeni iitwayo NR3C1, ambayo huuwezesha mwili kuisikia homoni ya hofu na taabu iitwayo kotisoli. Akina mama 25 ni wachache, na mtu asichukue habari hii kama neno la mwisho. Watoto wale sasa ni rika la wadogo zetu wa vidato vya chini, hata kama mioyo yao itakuwaje uzeeni bado ni mapema kusema. Lakini nilipoisoma nilimwona bibi yangu kana kwamba yupo katika karatasi ile.

Sasa nakuja kwenye kutabiri, ndiko nilikotaka kufika.

Mabingwa waliwaza hivi: ikiwa maisha huandika juu ya jeni, basi mtu akiyasoma maandishi hayo katika tone la damu ataweza kujua yatakayompata mwenye damu. Wakafanya kazi kubwa. Mwaka 2019 Golareh Agha na wenzake walitoa habari za watu 11,461 wa Marekani na Ulaya, ambao wote walipotolewa damu hawakuwa na maradhi ya mishipa ya moyo. Walifuatwa kwa miaka 11 hivi, na 1,895 kati yao wakapatwa. Damu zilizohifadhiwa tangu mwanzo zilipochunguzwa, zilionekana alama 52 ambazo zilikuwa tofauti kwa wale waliokuja kuugua. Mwaka huo huo kilitolewa kipimo kiitwacho GrimAge, ambacho husoma alama za damu na kukadiria umri wa mwili. Mtu wa miaka 50 aweza kuambiwa kwamba mwili wake una miaka 58, na mtu wa namna hiyo huonekana kuwa katika hatari zaidi ya moyo na ya kifo. Marekani hata imeanzishwa biashara ya kipimo cha alama hizi, cha kukadiria hatari ya moyo kwa miaka 3 ijayo.

Alama iliyo dhahiri kuliko zote ni ya tumbaku. Katika jeni iitwayo AHRR pana mahali ambapo methili hupungua kwa mvutaji, hata ikawa mtu aweza kukana kwamba havuti sigara lakini damu yake ikamsaliti. (Wenzetu wa bweni fulani wanaokwenda nyuma ya vyoo baada ya chakula cha jioni na walijue hilo.) Lakini habari njema ni kwamba alama nyingi za tumbaku hurudi karibu na hali ya zamani ndani ya miaka 5 baada ya kuacha. Nataka mlikumbuke jambo hili, kwa sababu lajibu swali moja la wazee wetu chini ya mwembe. Kilichoandikwa kwa urithi hakifutiki. Kilichoandikwa na maisha, kwa sehemu, chafutika.

Nilimwuliza mwalimu: je, alama hizo ndizo zinazouharibu moyo? Alinirudisha kwenye ziwa letu. Maji ya Ziwa Viktoria yalipanda zaidi ya mita 2 tangu mwisho wa 1961 hata 1964, na mwaka 2020 yakafika kimo kama kile kile. Yaliposhuka yaliacha mstari juu ya miamba. Mtu mwenye busara akiuona mstari hatajenga nyumba chini yake. Kwa hiyo mstari wafaa kwa kutabiri. Lakini mstari haukuleta gharika, na ukiusugua kwa brashi hutazuia maji yasije. Alama nyingi za epijenetiki ziko hivyo. Zatuambia kwamba moshi, njaa, unene au taabu ilifika hapa na kwa kimo hiki. Chache huenda zenyewe zina kazi katika kuleta maradhi, na mabingwa wangali wakizichambua ni zipi.

Iko shida nyingine ambayo mimi naiona kubwa zaidi, nayo ni mahali vipimo vilipotengenezwa. Msingi wa utabiri mwingi wa moyo ni mji mmoja wa Marekani, Framingham, ambako tangu 1948 wakazi 5,209, na baadaye watoto wao na wajukuu wao, wamekuwa wakipimwa. Damu za Framingham zimetumika pia katika kuzitafuta alama hizi. Sasa mchukue mtu wa Kisorya. Alama husomwa katika chembe nyeupe za damu, na kila aina ya chembe nyeupe ina pini zake. Mtu mwenye kichocho, na pwani za ziwa kichocho ni kingi, huwa na aina fulani ya chembe nyeupe kwa wingi usio wa kawaida. Mwenye malaria naye mchanganyiko wake hubadilika. Wataalamu wanayo hesabu ya kusahihisha tofauti hiyo, lakini hesabu yenyewe yafaa nayo ijaribiwe kwetu. Tena Waafrika tumetofautiana kwa vinasaba kuliko watu wa mabara mengine yote. Ikiwa mahali penye C mtu amerithi herufi nyingine, mashine yaweza kudhani kwamba pini imeondolewa, kumbe hapakuwa na mahali pa kuibandika. Kwa hiyo mtu akija Bunda leo na mashine ya alama 52, mimi nitamwuliza kwanza: umeipima kwa watu wangapi wa huku?

Nimesema kwamba wazee walisema ni ukoo. Sitaki kuwavunjia heshima, kwa kuwa urithi una sehemu yake. Lakini sikilizeni habari hii. Daktari mmoja aitwaye Donnison alifanya kazi Kavirondo ya Kusini, nchi ya Wakisii na Wajaluo, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kaskazini. Mwaka 1929 aliandika katika gazeti la waganga liitwalo Lancet kwamba alipima watu 1,000, akaona shinikizo la damu halipandi kwa uzee kama lipandavyo Ulaya, bali baada ya miaka 40 huelekea kushuka. Katika wagonjwa kama 1,800 waliolazwa kwa miaka 2 hakuona hata mmoja mwenye presha ya juu. Yamkini namna yake ya kuchagua watu haikuwa kama ya leo. Hata hivyo ilinganisheni na yaliyotangazwa mwaka 2013 kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, kwamba maradhi yatokanayo na presha ni moja ya sababu kubwa kabisa za vifo wodini. Au yaliyotangazwa mwaka 2014 kutoka Muhimbili, ambako wagonjwa 427 wa moyo kushindwa walichunguzwa, na kwa asilimia 45 chanzo kilikuwa presha. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu.

Kati ya 1929 na leo ni vizazi vitatu au vinne. Herufi za jeni za watu wote haziwezi kubadilika kwa muda mfupi namna hiyo. Basi kilichobadilika si ukoo. Ni chakula, chumvi, kazi, mwili kuongezeka uzito, mjini na mashaka yake, na huenda na pini ambazo mambo hayo yote huzibandika.

Na mabadiliko hayo hayangoji miaka. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake waliwafuata vijana zaidi ya 300 wa Kijaluo waliotoka vijijini karibu na ziwa hili letu kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Katika mwezi wa kwanza tu mjini shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi. Katika mkojo wao chumvi ilikuwa imezidi, na potasiamu, ambayo hupatikana katika matunda, viazi na mboga, ilikuwa imepungua.

Nilipofika hapo nilielewa jambo ambalo lilinisumbua usiku. Alama za jeni huenda zingemwonya baba mdogo alipokuwa na miaka 20. Lakini alipokuwa na miaka 40 onyo lilikuwa tayari katika mkono wake wa kushoto, na kitambaa cha kupulizwa chenye saa ya kupimia kingelisoma kwa dakika tatu. Kifaa hicho kipo katika zahanati. Hata majedwali ya kutabiri yapo: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa majedwali kwa ajili ya kila sehemu ya dunia, pamoja na Afrika ya Mashariki, na moja kati yao halihitaji maabara wala tone la damu. Lataka kujua umri, kuanzia miaka 40, kama ni mwanamume au mwanamke, kama avuta sigara, presha yake, na uzito kulinganisha na urefu. Kutoka hapo lakadiria hatari ya moyo na kiharusi kwa miaka 10. Si sahihi kabisa, lakini limetengenezwa kwa kufikiria watu wa sehemu yetu.

(Si kila ugonjwa wa moyo watoka katika presha. Uko ule uwapatao watoto na vijana baada ya koo kuuma kwa vijidudu vya streptokoki na kutotibiwa. Huo ni habari nyingine, ila mwenzetu mwenye koo na homa asinyamaze bwenini akiogopa kukosa mtihani.)

Likizo ya Juni nilikwenda nyumbani nikiwa na shabaha moja. Nilimwambia bibi kwanza. Nilimwamkia, nikamweleza habari za Uholanzi na za Goma kwa lugha yetu, kadiri nilivyoweza. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema, “Kwa hiyo si mimi niliyemroga mwanangu.” Sikujua kama yalikuwapo maneno ya namna hiyo. Nilimwambia, “Hapana, Bibi. Si wewe.”

Baba alikuwa mgumu. Alisema, “Mwanangu, ukiutafuta ugonjwa utaupata.” Tena yeye ana nguvu, ana mashamba mawili ya muhogo na mtumbwi, na hula sangara wa kukaanga na chumvi kando ya sahani kila jioni. Bibi ndiye aliyemshinda. Alivaa khanga mpya, akatangulia kwenda zahanati kwa miguu, na baba hakuweza kubaki nyumbani mama yake akienda peke yake.

Muuguzi alitukalisha kwanza tupumzike. Bibi alipata 132 kwa 80, akacheka, akauliza kama hiyo ni alama ya kufaulu. Mimi nilipata 112 kwa 70. Baba alipata 164 kwa 102. Muuguzi alingoja kidogo akampima tena, na mara ya pili ilikuwa 160 kwa 100. Alimwambia apunguze chumvi, arudi baada ya wiki moja apimwe tena na aonane na daktari kwa habari ya dawa. Baba aliikunja kadi akaitia katika mfuko wa shati, wala hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Shule ilifunguliwa kabla ya wiki ile kutimia. Nimempa utingo wa basi la Bunda barua ya kumpelekea baba, nikimwuliza kama amerudi zahanati na amepata namba gani. Nilipokuwa nikimkabidhi Mhariri karatasi hizi, jibu lilikuwa bado halijafika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Kisorya